Mahali pa Hadithi na Mahali pa Picha

Kila mchezo unaoonyeshwa katika televisheni una mahali pawili. Pana mahali panaposimuliwa, na pana mahali palipopigiwa picha. Mara chache mahali hapo huwa pamoja, aghalabu hupitana. Mtazamaji huambiwa kuwa yuko katika jangwa la Asia, kumbe mchanga ule umemwagwa juu ya sakafu ya jumba moja la London. Je, amedanganywa? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa. Mtu asiyejua kulijibu hawezi kupima thamani ya mchezo wowote, wala hawezi kutambua lini nchi yake imesemwa kweli na lini imesingiziwa. Katika insha hii nataka tulijibu pamoja, wewe msomaji na mimi, kwa kuutazama mchezo mmoja uliotungwa kwanza kwa ajili ya watoto na wazazi wao.

Mchezo huo huitwa Doctor Who. Ulionyeshwa mara ya kwanza na shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, tarehe 23 Novemba 1963. Habari yake ni ya msafiri wa ajabu ambaye chombo chake hupita katika miaka kama mashua ipitavyo katika maji. Kwa nje chombo hicho ni kibanda cha simu ya polisi, kidogo hata watu wanne watabanana. Kwa ndani ni jumba kubwa. Wasafiri wa kwanza waliochukuliwa humo walikuwa walimu wawili wa shule, Barbara Wright aliyefundisha historia, na Ian Chesterton aliyefundisha sayansi. Uchaguzi wa walimu hao haukuwa wa kubahatisha. Wenye mchezo walikusudia kuwa safari za kurudi zamani zifundishe historia, na safari za kwenda mbele zifundishe sayansi. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha walimu, kwa hiyo sina budi kuupenda mpango huo. Lakini kupenda si kuhukumu. Yatupasa tuitazame kazi yenyewe.

Mchezo ulianza kupigwa picha katika jumba la Lime Grove, mtaa wa Shepherd's Bush, upande wa magharibi wa London. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1915 kwa kazi ya sinema, na BBC ililinunua mwaka 1949. Wakati mchezo ulipoanza lilikuwa limekwisha chakaa, na chumba kilichotolewa kilikuwa kidogo, chenye joto kali la taa. Msimamizi wa kazi, Verity Lambert, alikuwa hajatimiza miaka 28. Mwongozaji wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, alikuwa kijana aliyezaliwa India. Fedha zao hazikuwa nyingi, na kila juma waliwajibika kumaliza sehemu moja. Kwa vyombo hivyo waliahidi kuwaonyesha watoto wa Uingereza dunia nzima na nyakati zake zote.

Tazama jinsi walivyoitimiza ahadi hiyo mwaka 1964, walipoonyesha safari ya Marco Polo kutoka milima ya Pamir hadi mji wa Peking. Safari ile ilichukua sehemu saba. Hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga Asia. Mstari ulitambaa juu ya ramani, sauti ya Marco Polo ikaeleza siku zilizopita na taabu zilizowapata, kisha pazia lililochorwa likatokea, na mbele yake watu wachache wamejifunika nguo nzito. Katika jangwa la Gobi adui aliwamwagia maji yao, kiu ikawashika. Kilichowaokoa ni matone yaliyotokea juu ya kuta za chombo, kwa sababu usiku wa jangwani ni baridi, na mvuke ukikutana na kitu baridi hugeuka maji. Marco Polo aliwashuku kuwa walificha maji. Mwalimu wa sayansi akalazimika kumweleza ukweli. Msomaji wa Kericho au Bomet, aonaye kila asubuhi kioo cha dirisha kimelowa kwa ndani, anaijua elimu hiyo bila ya kufika Gobi.

Hapo tunapata kipimo cha kwanza. Mahali pa hadithi huwa pa kweli pale panapokuwa na nguvu juu ya watu waliomo. Jangwa lile lilikuwa rangi na mbao, lakini liliwatia watu kiu, na kiu ikawatia shaka juu ya wenzao, na shaka ikazaa hatari. Kila kitu kilifuata sababu yake. Mtazamaji aliyeona hayo aliweza kusamehe pazia lililotikisika.

Sisi wa nchi hizi hatukungoja kufundishwa na televisheni kwamba mahali padogo paweza kubeba mahali pakubwa. Bibi aliyeketi karibu na mafiga alitaja msitu, nasi tukauona msitu. Alitaja zimwi likivuka mto, nasi tukakunja miguu isilowe. Hakuna mtoto aliyesema, "Bibi, hapa jikoni hapana mto." Lakini mtoto huyohuyo angalilalamika mara moja kama zimwi lililokufa jana lingalikula watu leo bila sababu. Uwongo anaouchukia msikilizaji hauko katika mto usioonekana. Uko katika jambo lisilofuata jambo. Chumba cha Lime Grove na jiko la bibi ni ndugu, na sheria yao ni moja.

Basi baadaye mchezo ulitoka nje. Mwezi wa Agosti 1964 waliwapiga picha Daleks, vile vyombo vya vita vyenye sauti kali, wakipita juu ya daraja la Westminster katikati ya London. Hadithi ilisema kuwa hiyo ni London ya karne ya 22, iliyokwisha tekwa. Daraja lilikuwa lilelile ambalo watoto walilivuka kwa miguu yao. Lakini sasa halikuwa na watu wala magari, na juu yake mlipita kitu kisicho na huruma. Kazi hiyo ilikuwa bora, kwa sababu ilitumia mahali pa kweli kwa jambo ambalo pazia lisingaliweza. Mtoto aliyelivuka daraja juma lililofuata alilitazama kwa macho mengine. Alifahamu kwamba mji wa baba zake, wenye askari na bunge, waweza nao kutawaliwa na wageni wasiojua lugha yake. Kwa watazamaji wa dola iliyokuwa imetawala nchi za wengine, fundisho hilo halikuwa dogo.

Lakini kutoka nje si dawa ya kila ugonjwa. Katika miaka iliyofuata mchezo ulizoea mno machimbo ya mawe na kokoto ya Uingereza. Machimbo yakawa sayari hii leo, na sayari nyingine mwezi ujao. Mawe yalikuwa mawe halisi, na upepo ulikuwa upepo halisi, walakini mara nyingi mahali hapo palikuwa hafifu kuliko jangwa lililochorwa. Sababu yake ni kwamba hadithi haikudai kitu chochote kutoka katika mawe yale. Watu walikimbia juu yake kama ambavyo wangalikimbia popote pengine. Mahali pasipobadilisha lolote katika mambo ya watu ni pambo tu, hata pakiwa pa kweli namna gani.

Mwaka 2005 mchezo ulirudi baada ya kusimama miaka mingi, na kazi ikahamia Wales. Mitaa ya Cardiff ikavishwa uso wa London. Mwaka 2006 ufuko wa Southerndown, katika Wales ya kusini, ulifanywa kuwa ufuko wa Norway, mahali ambapo watu wawili wapendanao waliagana wakidhani hawataonana tena. Mpaka leo wapo watu wanaokwenda kuutazama ufuko huo kwa sababu ya maagano yale. Haidhuru kuwa si Norway. Ulikuwa ukingo wa nchi, na mbele yake palikuwa na maji yasiyovukika, na hadithi ilihitaji jambo hilo hasa. Ama lile jumba la Lime Grove lilibomolewa mwaka 1993, na mahali pake zikajengwa nyumba za kukaa. Na zile sehemu saba za Marco Polo hazimo tena katika hazina ya shirika. Picha zake zimepotea, zikabaki sauti zilizonaswa na watazamaji nyumbani kwao pamoja na picha chache zisizokwenda. Mchezo uliosimulia ushindi juu ya wakati haukuweza kuihifadhi hata kazi yake wenyewe.

Mpaka hapa nimeutetea mchezo. Sasa sina budi kuulaumu. Katika ile safari ya Marco Polo, mfalme Kublai Khan aliigizwa na Martin Miller, mtu wa Ulaya. Katika hadithi ya Waazteki, iliyoonyeshwa mwaka huohuo wa 1964, watu wote wa Meksiko ya kale waliigizwa na wazungu. Mahali paliweza kuchorwa kwa rangi bila ya kumdhulumu mtu, kwa sababu mlima hauna neno la kusema. Watu walipochorwa kwa rangi, wenye nchi walinyimwa nafasi ya kujisemea. Hiki ndicho kipimo cha pili: tujiulize mahali panaposimuliwa ni pa nani, na kama wenyewe wana sauti humo. Yamkini mtu atasema, "Huo ni mchezo wa watoto tu, mbona waupimia mizani nzito?" Jibu langu ni kwamba mtu mzima ana vitabu na safari vya kumsahihisha, bali mtoto huchukua picha ya kwanza akaifanya msingi. Msingi ukipinda, nyumba nzima hupinda.

Mchezo wenyewe umelitambua jambo hilo, ingawa umechelewa. Mwigizaji aliyepewa cheo cha msafiri mkuu tangu mwisho wa mwaka 2023 hadi mwezi wa Mei 2025 alikuwa Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992, akakulia Scotland baada ya wazazi wake kuyakimbia mauaji ya mwaka 1994. Tarehe 10 Mei 2025 ilionyeshwa hadithi iliyotungwa na Inua Ellams, mzaliwa wa Jos katika Nigeria. Hadithi hiyo inatukia Lagos, katika duka la kinyozi, ambamo wateja wamefungiwa, na hadithi wanazosimulia ndizo zinazoendesha chombo kikubwa. Lagos hiyo ilitengenezwa Wales. Wenye kudai kwamba kila kitu lazima kipigiwe picha mahali pake watalalamika. Mimi silalamiki. Mtungaji alikuwa amekwisha andika mchezo wa jukwaani juu ya vinyozi wa miji ya Afrika, Kampala ukiwa mmojawapo, ulioonyeshwa London mwaka 2017. Alijua kwamba kiti cha kinyozi kwetu ni baraza, na kwamba mtu akikalia kiti kile hunyolewa nywele na kusikilizwa maneno pia. Ujuzi huo hauchukuliwi na kamera. Hubebwa na mtu. Na jambo la kupendeza ni hili: baadhi ya picha za mchezo huu zilizodhaniwa kupotea kabisa zilikutwa katika kituo cha televisheni cha Jos, habari yake ikatangazwa mwaka 2013. Mji ule uliwatunzia Waingereza kile ambacho wao wenyewe walikitupa.

Tugeuke sasa tutazame Kenya. Nataka ulinganishe kazi mbili. Ya kwanza ni Out of Africa, sinema ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Sydney Pollack, juu ya maisha ya Karen Blixen katika shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Sinema hii inarudi zamani, tena imepigiwa picha katika nchi ileile inayosimuliwa. Vilima ni vilima vyenyewe. Hata hivyo simba wake waliletwa kutoka California, kwa kuwa simba wa kufundishwa walihitajika. Na Waafrika wengi humo hupita nyuma ya picha wakibeba vitu, kana kwamba hawana jana wala kesho. Kazi ya pili ni Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Hii inakwenda mbele, kwenye Afrika ya Mashariki ya wakati ujao, baada ya vita vya maji, ambako watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na kila tone linapimwa. Msichana Asha anapata udongo wenye uhai, anatoka kwenda kupanda mche. Filamu hiyo ilipigiwa picha Afrika ya Kusini.

Ni ipi iliyo karibu zaidi nasi? Ya kwanza ina udongo wetu, lakini haituulizi kitu. Ya pili ina udongo wa kuazima, lakini swali lake ni letu kabisa: mti utapandwa na nani, na maji yatatoka wapi? Mimi naihesabu ya pili kuwa kubwa, ijapokuwa ni fupi, wala haikutumia sehemu ndogo ya fedha za ile ya kwanza. Simaanishi kwamba vilima vya Ngong si kitu. Namaanisha kwamba vilima peke yake havisemi. Huhitaji mtu anayejua aviulize nini.

Mfano ulio karibu zaidi uko mbele ya macho yako. Mpiga picha akifika Kericho au Bomet hupanda mahali pa juu, akaelekeza kamera kwenye chai. Anaona majani yaliyo sawa kama meza, yakishuka bonde na kupanda kilima, na wachumaji wenye vikapu migongoni. Kijani kile hudhaniwa ni cha tangu na tangu. Sivyo. Upandaji mkubwa wa makampuni ya chai ulianza hapa katikati ya miaka ya 1920. Kabla ya hapo palikuwa na msitu, malisho ya ng'ombe wa Wakipsigis, na mashamba ya wimbi. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu ya sheria mpaka Gwassi, karibu na ziwa. Watu wa sehemu nyingine wakaja kuchuma, wakazaa watoto hapa. Na katika miaka hii mashine zimeshika nafasi ya mikono mingi. Hata usawa wa meza ile si tabia ya mmea: mchai ukiachwa bila ya kupogolewa hurefuka ukawa mti.

Basi fikiri kwamba kile kibanda cha msafiri kimetua hapa, na hadithi inasema ni mwaka 1900. Mtengeneza picha akiwasimamisha waigizaji wake katikati ya chai kwa sababu ni nzuri, atakuwa amepiga picha mahali pa kweli na kusema uwongo. Lakini mwingine akijenga chumba katika nchi ya mbali, akaweka mtama na wimbi mahali pake, zizi la ng'ombe mahali pake, na mzee anayesema maneno ambayo mzee wa wakati ule angaliyasema, huyo atakuwa amefika Kericho kuliko yule aliyesimama Kericho. Mahali katika hadithi za wakati hakupimwi kwa upana na urefu tu. Mwaka nao ni sehemu ya mahali. Kilima kilekile cha mwaka 1900, cha mwaka 1934 na cha leo ni mahali patatu.

Kwa hiyo nakusihi, mwanafunzi, kila utazamapo mchezo usitosheke kuuliza, "Ulipigiwa picha wapi?" Swali hilo ni jema, na jibu lake hukufundisha kazi ya mafundi. Lakini uliongezee mengine. Je, mahali hapo pana nguvu juu ya watu, au ni pambo? Je, wenyewe wana sauti? Je, mwaka unaotajwa umeheshimiwa? Mchezo wa Doctor Who, ukipimwa kwa maswali hayo, hufaulu vizuri katika la kwanza, umeshindwa mara nyingi katika la pili, na katika la tatu hutegemea mtungaji wa hadithi. Kwa jumla nauhesabu kuwa kazi njema, iliyowaonyesha watoto kwamba mbao na akili vyaweza kupita pale ambapo fedha haifiki.

Wala usidhani kuwa kazi ya kuwazia mahali pa mbali ni ya wenye kamera peke yao. Mwaka 1950, huko Kapkatet, Hugh Tracey alinasa sauti za wasichana wa Kipsigis waliokuwa wakiimba juu ya Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika milimani. Wasichana hawakuijua nchi yake wala sura yake. Wakamfanya kiumbe, nusu mtu, nusu paa, wakampa mahali pa kuchezea katika nchi yao wenyewe. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za sauti zile zilirudishwa zikasikilizwa katika nchi zilikotoka. Hawakuwa na jumba, wala taa, wala fedha, nao waliweza. Wewe una shule, una kalamu, una wazee wa kuwauliza kilima hiki kilikuwaje kabla ya chai. Waulize upesi, uandike wanayokwambia.